Karatasi ya Maabara ni Shahidi, si Kadhi

 

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumeazimia kuzungumza na wazazi, na hasa akina mama, juu ya jambo ambalo huingia nyumbani kwa ghafla na kuuondoa usingizi wa nyumba nzima. Mtoto hushika kifua na kusema kinamuuma. Hupelekwa kupimwa damu. Karatasi hurudi, na ndani yake mna neno moja tu ambalo mzazi hulisikia: moyo.

Tumelikusudia jambo hili kwa kuwatazama jamaa zetu walioko Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Wengi katika nyinyi mnaotusoma Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu mna mtu huko. Shehena inayoshushwa bandarini Kilindini hupitia Malaba au Busia ikielekea Kampala, Kigali na kwingineko, na pamoja na shehena huenda madereva, matingo, mawakala wa forodha na wafanyabiashara. Baadhi yao wamehamia na wake zao, na watoto wao wanasoma madrasa huko huko. Watu wa mpaka ule wanaujua uzito wa karatasi ya maabara kuliko sisi. Katika mwaka wa 2020, wakati wa maradhi ya Korona, madereva walikaa siku nyingi katika foleni ndefu ya malori nje ya Malaba wakingoja majibu ya vipimo, na bila ya karatasi hapakuwa na aliyesogea.

Basi si ajabu kwamba karatasi imepata heshima kubwa machoni pa watu. Heshima hiyo ni ya haki, lakini ina mpaka wake, na mpaka huo ndio tunaotaka kuuonyesha leo.

Kipimo chenyewe ni kipi? Misuli ya moyo ina protini iitwayo troponini, inayoisaidia misuli kukaza na kulegea. Mwanasayansi wa Kijapani, Setsuro Ebashi, ndiye aliyeigundua na wenzake katika miaka ya 1960. Msuli wa moyo ukijeruhiwa, troponini huvuja na kuingia katika damu, na kwa mtu mzima aliyeshikwa na mshtuko wa moyo huanza kupanda baada ya saa chache, ikabaki juu kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1990 madaktari wameitegemea mno kwa watu wazima wenye maumivu ya kifua. Ni kipimo chenye manufaa makubwa, na hatuandiki haya ili kukibeza.

Ila mtoto si mtu mzima mdogo. Maumivu ya kifua ya mzee wa miaka 60 mwenye kisukari na shinikizo la damu ni jambo moja, na maumivu ya kifua ya mtoto wa miaka 11 ni jambo jingine kabisa. Tafiti zilizofanywa Marekani juu ya watoto waliofikishwa hospitali kwa maumivu ya kifua zimeonyesha, moja baada ya nyingine, kwamba wale ambao chanzo kilikuwa moyo ni wachache sana, kiasi cha mmoja hadi sita katika kila mia. Waliobaki walikuwa na maumivu ya misuli na maungio ya mbavu, kikohozi, pumu, kiungulia, na wengine huzuni au hofu iliyowakaa moyoni kwa maana ile nyingine ya moyo. Kwetu hali si sawasawa na Marekani, kwani tuna maradhi ambayo wao wanayo kwa uchache, nasi tutayataja. Lakini msingi hubaki ule ule: kwa mtoto, kifua kuuma aghalabu si moyo, na kipimo kinapotafuta kitu adimu, majibu yake ya kutisha huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa ya uongo.

Tuliwahi kuketi na familia moja ya Malaba iliyofikwa na jambo hili. Mtoto wao wa kiume, wa miaka 11, aliumwa kifua siku tatu. Mama alimpeleka katika kliniki moja ya kando ya barabara, damu ikatolewa, na jioni akapewa karatasi yenye namba iliyopita kiwango, pamoja na maneno kwamba msuli wa moyo wa mtoto unakufa na apelekwe nje ya nchi upesi. Baba alikuwa safarini na lori. Picha ya karatasi ilitumwa kwa simu hadi Mombasa, na kabla ya siku mbili kupita mchango ulikuwa umeanzishwa, dhahabu ya mama imetolewa kabatini, na mtoto amekatazwa kutembea hata kwenda chuoni. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto ana masikio. Usiku wa pili alimwuliza mama yake kama atazikwa pale Malaba au atapelekwa Mombasa alikozikwa babu yake.

Ami yake ndiye aliyesisitiza kwamba kabla ya kuuza kitu, mtoto aonekane na daktari wa watoto katika hospitali kubwa. Daktari alianza kwa jambo lisilogharimu kitu: aliubonyeza ubavu wa mtoto kwa kidole, na mtoto akapiga ukelele, akasema hapo hapo ndipo. Moyo ulipimwa umeme wake, ukatazamwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ukaonekana unapiga vizuri na milango yake inafunga. Damu ikapimwa tena, na tena baada ya saa kadhaa. Namba ilirudi ile ile, haikupanda wala haikushuka, jambo ambalo jeraha jipya la moyo kwa kawaida halilifanyi. Damu ilipopelekwa katika mashine ya aina nyingine, haikuonekana troponini ya kutajwa. Mtoto alikuwa na maumivu ya misuli. Kwa majuma mawili alikuwa akimsaidia mama yake kubeba madumu ya maji.

Je, maabara ya kwanza ilisema uongo? Hapana. Mashine ilisoma ilichokiona. Na hapa ndipo tunapowaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu mzazi anayefahamu jinsi kipimo kinavyofanya kazi hatishiki upesi wala hatulii upesi.

Kipimo hiki hutumia kingamwili mbili zilizotengenezwa, aghalabu kutokana na panya. Ya kwanza huinasa troponini. Ya pili huishika upande wa pili, na hubeba alama inayosomwa na mashine. Mashine haiioni troponini yenyewe, huiona alama tu. Sasa, wako watu wachache ambao damu yao ina kingamwili za asili zinazoweza kuzishika zile mbili na kuziunganisha, ingawa baina yao hamna troponini. Alama husomeka, namba hutoka kubwa, na moyo hauna lolote. Wako pia ambao troponini yao kidogo imeshikamana na kingamwili zao wenyewe, ikachelewa kuondoka katika damu. Hali hizi si nyingi, lakini zipo, na dalili yake kubwa ni namba inayoganda mahali pamoja huku mtoto akiwa na nafuu.

Sababu ya pili ni damu yenyewe. Mtoto anayelia na kupapatika huchomwa sindano mara mbili tatu, damu hutoka kwa shida, chembe zake nyekundu hupasuka. Au damu haikuachwa igande sawasawa kabla ya kuzungushwa katika mashine, vikabaki vinyuzi vidogo. Damu ya namna hiyo huweza kuipotosha namba, kuipandisha au kuishusha kulingana na mashine iliyotumika. Mtaalamu wa maabara mwaminifu akiiona huikataa na kuomba nyingine. Basi usimkasirikie anayemtoa mwanao damu mara ya pili. Huenda anakuepusha na balaa.

Sababu ya tatu ni kiwango kilichoandikwa pembeni mwa karatasi. Kiwango hicho aghalabu kimewekwa kwa kuwapima watu wazima. Mtoto mchanga wa siku chache huwa na troponini ya juu hata akiwa na afya kamili. Kijana aliyetoka kukimbia mbio ndefu huweza kupanda kwa muda kisha akashuka. Mwenye maradhi ya kurithi ya misuli ya mwili, mwenye ugonjwa wa figo, au aliyezidiwa na maambukizi ya damu, naye huweza kupanda bila ya mshipa wowote wa moyo kuziba. Na baadhi ya maabara bado hutumia kipimo cha zamani zaidi cha kimeng'enya kiitwacho CK, ambacho kimo pia katika misuli ya mikono na miguu. Mtoto aliyeanguka, aliyeshikwa na degedege, au hata aliyedungwa sindano ya msuli, CK yake huweza kupanda.

Sababu ya nne inawahusu zaidi watu wa mpakani. Busia na Malaba ni miji ambayo mtu huweza kupima asubuhi upande wa Kenya na alasiri upande wa Uganda, kwa sababu ya bei au kwa kutafuta uhakika. Si vibaya, lakini jihadharini na vizio. Maabara moja huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanogramu kwa lita. Majibu ya 0.02 katika karatasi ya kwanza na 20 katika karatasi ya pili ni kitu kimoja, kwa kuwa lita moja ni mililita 1,000. Mama asiyelijua hilo ataona ugonjwa wa mwanawe umezidi mara elfu baina ya adhuhuri na magharibi. Zaidi ya hayo, iko troponini I na iko troponini T, na kila mtengenezaji wa mashine ana kiwango chake. Namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi kama bei za sukari za maduka mawili. Kila karatasi isomwe pamoja na kiwango chake chenyewe, na isomwe na daktari.

Tumesema juu ya karatasi inayotisha bure. Sasa tuseme juu ya ile inayotuliza bure, nayo ni hatari zaidi.

Katika nchi zetu, ugonjwa wa moyo unaowapata watoto wa shule na kuwaua wakiwa vijana ni ule unaoanza kwa mafua ya koo yasiyotibiwa, ukaja homa ya baridi yabisi ya viungo, kisha ukaharibu milango ya moyo. Ugonjwa huu unapokaa, hujeruhi milango, si lazima ujeruhi msuli siku ile ya kupimwa. Kwa hiyo troponini huweza kutoka safi kabisa na mlango wa moyo ukawa unavuja. Mwenye kuupata ugonjwa huu ni daktari mwenye masikio mazuri na mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo wengi huiita eko. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwachunguza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 kwa eko, na matokeo yakahesabiwa kwa 818 walioanza kuugua bila kujijua. Nusu walipewa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili. Kwa mujibu wa matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa 2021, waliozidiwa miongoni mwa waliodungwa walikuwa 3 tu, na miongoni mwa wasiodungwa 33. Haya ni mambo ya jirani zetu, si ya ng'ambo ya bahari.

Katika mlango huu huu kuna kipimo kingine cha damu kinachowachanganya wazazi, kiitwacho ASO. Hicho huonyesha kwamba mwili uliwahi kupambana na vijidudu vya koo vya streptokoka. Watoto wengi wa shule, wazima kabisa, wamewahi kupambana navyo, na ASO yao huwa juu. ASO ya juu peke yake si ugonjwa wa moyo, na haitoshi kumwingiza mtoto katika sindano za kila mwezi kwa miaka. Lakini twatahadharisha: mtoto ambaye daktari amekwisha kuthibitisha ugonjwa wake na kumwandikia sindano hizo, asiachishwe kwa sababu mzazi amesoma makala yetu. Akiziacha, moyo wake huweza kuharibika zaidi.

Jambo jingine la eneo lile ni selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Magharibi mwa Kenya, penye malaria nyingi, ugonjwa huu wa kurithi umeenea kuliko sehemu nyingi za nchi. Mtoto mwenye selimundu akiumwa kifua, akawa na homa au anapumua kwa taabu, ni dharura. Mapafu yake yanaweza kuwa hatarini, na troponini iliyo safi haimwondoi katika hatari hiyo hata kidogo.

Na kwa akina mama wenyewe tuna neno. Vidonge vya kukuza nywele na kucha vinavyouzwa madukani vingi vina vitamini iitwayo biotini kwa wingi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba biotini nyingi huweza kukipotosha kipimo cha damu, na baadhi ya vipimo vya troponini vikatoa namba ya chini kuliko ilivyo kweli. Unapopimwa wewe au binti yako, mwambie daktari kila mnachokimeza, hata kama mwakiona ni cha urembo tu.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, azijue alama zisizongoja karatasi. Mtoto ambaye kifua humuuma akikimbia na kutulia akipumzika, aliyezimia, ambaye moyo humwenda mbio bila sababu, mwenye midomo iliyogeuka rangi, miguu iliyovimba au pumzi inayokatika, mwenye homa na kifua huku amelegea na viungo vimekuwa baridi, au aliye na ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Homa, maumivu ya kifua na ulegevu baada ya mafua huweza kuwa uvimbe wa msuli wa moyo, na hapo troponini iliyopanda ni ya kweli na daktari anaihitaji. Kwa Busia iko Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, na kwa Malaba iko Kocholya karibu. Anayehitaji mtaalamu wa moyo huweza kuelekezwa Kisumu, katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, au Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi.

Pili, asiye na alama hizo na amepewa karatasi ya kutisha, mzazi wake aulize kwa adabu maswali haya: Mtoto amechunguzwa kwa mikono na masikio ya daktari? Kipimo kimerudiwa baada ya saa kadhaa, na namba imepanda, imeshuka au imeganda? Ni troponini gani, kwa kizio gani, na kiwango ni cha umri gani? Umeme wa moyo umepimwa? Eko imefanywa? Ikiwa majibu hayalingani na hali ya mtoto, damu inaweza kupelekwa katika mashine ya aina nyingine? Daktari mzuri hachukii maswali haya. Na ikithibitika kwamba damu ya mtoto huipotosha mashine, aombe jambo hilo liandikwe na kutiwa saini, na karatasi hiyo ikae pamoja na kitabu chake cha kliniki, ili asitishwe tena mahali pengine.

Tatu, mtoto asisikilizishwe mazungumzo ya wakubwa, na picha ya karatasi isitumwe katika makundi ya simu kabla ya daktari kuisoma. Siri ya mgonjwa ni amana. Dua na kisomo ni haki yake, nasi hatumkatazi mzazi kumsomea mwanawe, bali twamhimiza. Lakini kusema kwamba ni jicho, kisha kumweka nyumbani mtoto anayezimia, huko si kutawakali.

Wenzetu, dini yetu imetufundisha namna ya kupokea habari. Katika Sura ya Hujurat tumeamrishwa kuhakiki tunapoletewa habari, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na kadhi hahukumu kwa kumsikia shahidi mmoja tu akapiga muhuri. Humwuliza: ulikuwa wapi, uliona nini, ulikuwa karibu au mbali, na je, yuko mwingine anayekuunga mkono? Akiwa mkweli, maswali hayamdhuru. Akiwa amekosea bila kukusudia, maswali humwokoa yeye na humwokoa mshtakiwa.

Kipimo cha damu ni shahidi wa namna hiyo. Kisikilizwe, kisipuuzwe, na kisikalie kiti cha hukumu peke yake. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya, popote walipo, pwani au mpakani, na awape wazazi wao subira ya kuuliza kabla ya kuamini.

Wabillahi tawfiq.